Karata za Isidori

Ukifika Mtaa wa Tanuru, hapa Songea, ukamuulizia Mtendaji, utajibiwa kwa swali: "Unamtaka wa mihuri au wa karata?" Halafu aliyekujibu atacheka, nawe utacheka bila kujua unachekea nini. Ni mtu huyohuyo mmoja. Bernadina Nyoni ni mtendaji wetu wa mtaa, mwaka wa sita huu, na barua ya utambulisho kwake unaipata siku hiyohiyo, hakuna njoo kesho. Mama yule hana uvivu, wala hakuombi soda ndipo agonge muhuri. Lakini litajwe neno karata mbele yake, anainamisha uso. Na hakuna aliyemsingizia. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, mbele za watu.

Alizaliwa Namtumbo, kwenye tumbaku. Baba yake alikuwa na shamba na pakiti ya karata, na mikono yake miwili ilijua kushika kimoja tu kati ya hivyo. Otilia, mama yake, ndiye aliyechuma majani, akayafunga kwenye vijiti, akachochea moto wa bani la kukaushia na mtoto mgongoni. Bernadina alikuwa akitumwa kumwita baba chakula kikiiva. Akifika kijiweni wanaume wanamwambia subiri, mwanangu, mchezo unaisha sasa hivi. Uishe wapi! Alisimama pale na vumbi lake miguuni mpaka ugali ukapoa nyumbani, na siku moja, akiwa darasa la tano, aliapa kimoyomoyo kwamba akikua, karata zitamtambua.

Akakua. Akasoma, akapata cheti cha serikali za mitaa, akaolewa na mwanaume aliyekwenda Mbinga kuangalia kahawa, akaangalia na mengine, asirudi. Bernadina hakulia sana. Baba yake alipofariki alimchukua mama yake, wakapanga nyumba nyuma ya ofisi ya mtaa. Otilia miguu ilikuwa imemchoka, lakini mdomo, thubutu! Alishinda barazani na kopo lake la ugoro, akitaniana na kila apitaye.

Sasa, mwaka juzi, mvua zikikaribia, waraka ukashuka kutoka juu. Karata, bao na drafti marufuku hadharani kabla ya saa kumi jioni, siku za kazi. Atakayekaidi atatozwa faini na vifaa vyake vitakamatwa. Bernadina aliusoma akaona kama umeandikwa kwa ajili yake. Alinunua manila kwa hela yake mwenyewe, akaunakili kwa kalamu nene nyekundu, akaubandika ukutani, kisha akaitisha mkutano wa mtaa.

Wanawake walipiga vigelegele. Na walikuwa na haki, tusidanganyane. Wapo wanaume hapa Tanuru ambao msimu wa kupanda mahindi ukifika, sugu zao zinaota kwa kugawa karata, jembe limeegemea ukuta linawaangalia. Katikati ya vigelegele akasimama Jumanne, fundi baiskeli, Myao wa Tunduru aliyezeekea kwetu.

"Mama Mtendaji, nina swali. Ile meza ya pulu pale baa, na zile mashine za kubahatisha zinazomeza hela za watu toka asubuhi, zenyewe vipi?"

"Zile zina leseni, mzee. Zinasimamiwa na ngazi ya juu."

"Ahaa. Kwa hiyo kosa letu si kucheza. Kosa letu ni kucheza bure."

Watu wakaangua kicheko. Bernadina uso ukamwaka, maana lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli likisemwa na mchekeshaji linauma mara mbili.

"Mzee Jumanne, usilete utani kwenye mambo ya serikali."

"Mimi Myao, ninyi Wangoni," alisema Jumanne, akikaa. "Nisipowaletea utani nitawaletea nini?"

Mkeka ambao Bernadina alikuwa anauwinda hasa ulikuwa wa Isidori. Isidori Mbano alikuwa fundi matofali, mzee wa miaka sitini na kitu, anachechemea mguu wa kushoto. Alikuwa anaanza kufyatua kabla ya jua, na saa tatu asubuhi tofali za siku hiyo zimeshapangwa zinakauka. Hapo ananawa, anatandika mkeka wake ubavuni mwa nyumba, kando ya tanuru, na wenzake wanakuja. Kwa hiyo ukimkuta saa tatu na nusu ana karata mkononi, unamwona mvivu, kumbe mwenzio keshamaliza kazi. Bernadina hakuwahi kumuuliza anaamka saa ngapi.

Karata zenyewe zilikuwa kongwe, zimelainika kwa vidole vya watu. Saba ya kopa ilipotea zamani, Isidori akakata kipande cha boksi la majani ya chai, akachora kopa saba kwa peni nyekundu, moja kubwa moja ndogo, basi ilimradi. Ukiipata ile, kila mtu anaijua kwa mgongo wake, na wanaanza kukucheka kabla hujaicheza.

Na zilikuwa na kazi nyingine, kubwa kuliko hiyo. Msiba ukitokea Tanuru, kabla ya turubai, kabla ya viti, Isidori anatangulia na pakiti kwenye mfuko wa shati. Anaketi nje na wanaume, anagawa, wanacheza lasti kadi. Hapo ndipo tunajua msiba umekaa. Watani wanamsema marehemu, wanamwiga, kicheko kinawafikia wafiwa mpaka ndani, na siku zinasogea. Miaka ishirini na zaidi, hakuna aliyezikwa kutoka mtaa huu bila karata za Isidori.

Bernadina alimwonya mara mbili. Mara ya kwanza Isidori alisema, "Sawa, Mtendaji." Mara ya pili alisema, "Mwanangu, matofali yanakauka, na mimi nakauka nayo." Bernadina akamwambia ya tatu nakulaza ndani.

Ikafika Januari, tarehe kumi na nne. Kama saa tatu na nusu hivi, Bernadina alitoka ofisini na Otto, mgambo wa kata, mtu wa makamo kutoka Hanga, mpole kuliko kazi yake. Walitoka kwa njia ya nyuma ili wasionwe. Hiyo njia ya nyuma ndiyo iliyomponza, maana kwa njia ya mbele balozi wa shina la kule tanuru alikuwa anakuja mbiombio na taarifa.

Walipokaribia tanuru wakasikia kicheko, tena cha watu kama kumi, wala hawakifichi. Bernadina akakaza mwendo. Akawakuta mkekani, karata mikononi. Mmoja alikuwa amesimama katikati, amewapa mgongo. Amevaa lile koti la Isidori la kazini, tope kajipaka mpaka kisogoni, anachechemea mguu wa kushoto na kuyagombeza matofali: "Wewe tofali, mbona umepinda kama mama mkwe wangu!" Watu hoi.

Otto aliona kitu. Aliona hakuna aliyekimbia. "Mama," alisema, "ngoja kidogo."

Bernadina hakungoja. Hakutoa hata shikamoo, na pale palikuwa na wazee wa kumzaa. Alikwenda moja kwa moja, akamshika mwenye koti begani, akamtikisa.

"Isidori! Nilikwambia ya tatu nakulaza ndani. Leo unalala ndani!"

Mwenye koti akageuka. Alikuwa Jumanne. Machozi yalikuwa yamepita kwenye tope la mashavu yake, yakaacha mistari miwili.

"Mtani wangu alizidiwa ghafla usiku, amefariki alfajiri, hospitali," alisema. Hakuweka utani wowote. "Ndugu zake wamekwenda kuushughulikia mwili. Sisi huku tumekaa msiba."

Jamani. Mtu wa kuja angesamehewa, angesema sikujua desturi yenu. Lakini Bernadina ni wa hukuhuku. Ameona watani wakivaa nguo za marehemu tangu anabebwa mgongoni. Alijua tangu utoto kwamba ukimwona mtu kwenye koti la mwenzake, analia huku anachekesha, basi mwenye koti hayupo. Hasira ndiyo iliyomziba macho, basi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Beata, mke wa Isidori, Mama Aidani kwa jina la mtoto, akasimama kizingitini, kanga kifuani, nywele zimefumuliwa. Alikuwa amesikia jina la mume wake likiitwa uani kwa sauti ya amri. Alikuja kutuambia baadaye kwamba kwa kitambo kidogo alidhani hospitali wamekosea. Alidhani Isidori yuko nje, mzima, anagombezwa na serikali.

Hapo mwenye akili zake angepiga magoti. Lakini aibu ikimkuta mtu mbele ya watu, ama ataiinamia ama ataikaripia, na Bernadina aliikaripia. "Poleni," alisema. "Lakini sheria haikusema msiba." Akainama, akazikusanya karata mkekani, akawanyang'anya na waliozishika, na wao wakamwachia tu, vidole vimelegea. Hakuna aliyebisha. Afadhali wangebisha. Aliondoka na pakiti mkononi na kimya cha watu kumi mgongoni, na Otto nyuma yake anaomba radhi kwa macho.

Ofisini akajifanya ana kazi. Kilichokamatwa ni kielelezo, na kielelezo kinataka muhuri. Akajaribu kugonga karata ya juu, wino ukateleza. Akaipekua pakiti kutafuta itakayoshika wino, akaiona: ile saba ya boksi la chai. Akagonga. Ofisi ya Mtendaji, Mtaa wa Tanuru, 14 Januari, wino wa zambarau juu ya kopa za Isidori. Halafu akauvuta waraka kwenye faili ili aandike namba ya kifungu, na waraka ukajigeuza mkononi mwake.

Nyuma kulikuwa na maandishi. Mistari mitatu tu. Katazo hili halitahusu misiba, harusi, jando na unyago, ambako michezo hii ni sehemu ya mila za wananchi.

Alisoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tangu waraka uje hakuwahi kuugeuza. Aliunakili upande mmoja kwenye manila, akaubandika, akausimamia kwa ukali wote ule, na nyuma yake mambo yalikuwa yameandikwa wazi kwa mtu yeyote mwenye vidole.

Kutoka ofisini mpaka kwa Isidori ni mwendo wa dakika tano. Angekwenda saa ileile, angesema nimekosea, hizi hapa karata zenu, na waraka wenyewe huu hapa. Wangemteta mwezi mmoja, wakachoka. Lakini aliiona njia nzima kichwani mwake, akamwona Beata mlangoni, akaona nafuu akae. Akaweka pakiti kwenye droo, akaweka waraka juu yake, akafunga kwa ufunguo.

Isidori alizikwa siku ya pili yake bila karata. Zilikuwepo pakiti nyingine mtaani, lakini Jumanne alikataa. "Isidori hazikwi kwa karata za kuazima," alisema. Wengine waliogopa faini. Hata utani wenyewe haukushika, Jumanne alivua koti akalikunja akalirudisha ndani. Watu walikaa wanaangalia viatu vyao. Bernadina hakwenda. Mtendaji wa mtaa, msiba mtaani kwake, hakwenda! Alimtuma Otto na kilo mbili za sukari. Beata aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamrudisha Otto na swali moja: karata za mume wangu zinarudi lini?

Otto alilifikisha swali huku anaangalia ukuta.

"Mwambie ziko kwenye utaratibu," alisema Bernadina.

Utaratibu, lo!

Otilia ndiye aliyekwenda kwa niaba ya nyumba ile, anajikongoja na fimbo yake. Alikaa na Beata siku mbili. Aliporudi alijitupa kwenye kiti cha barazani bila hata kugusa ugoro.

"Nimetoka kwenye msiba ambao hata nzi anaogopa kulia," alisema. "Bernadina, umefanya nini?"

"Nilisimamia sheria, mama. Wewe mwenyewe unajua karata zilitufanya nini Namtumbo."

"Karata?" Otilia alimtazama. "Baba yako alikuwa mvivu, mwanangu. Zisingekuwepo karata angelala. Usiwape watu wa Tanuru kesi ya baba yako."

Bernadina akaokota ufagio, akaanza kufagia baraza.

"Na mimi nikifa," mama akaendelea, "nimeshamwambia Jumanne. Avae kilemba changu, ashike fimbo yangu, anitukane mpaka jeneza lione haya. Sitaki kulala pale katikati ya watu waliokaa kama wanasubiri dawa. Rudisha karata za watu."

"Nitarudisha."

"Lini?"

Ndilo lilelile swali la Beata, na safari hii hakukuwa na Otto wa kumtuma na jibu.

Alitaka kuzirudisha, msimwonee. Kila asubuhi alifungua droo, akaziangalia, akafunga. Shida haikuwa karata. Shida ni kwamba ukirudisha utaulizwa kwa nini umerudisha, na ukisema waraka una upande wa pili, utaulizwa uliusoma lini. Na kila siku iliyopita ililifanya jibu hilo kuwa baya zaidi. Februari nzima ikaisha hivyo. Akimwona Beata kwa mbele anavuka barabara, anaweka simu sikioni, anaongea na mtu asiyekuwepo. Mwanamke aliyekuwa akitembea katikati ya njia akawa anapita pembeni ya mtaa wake mwenyewe.

Machi mama yake akashikwa na kifua. Hakukaa sana. Siku ya nne asubuhi, jua linachomoza, Otilia akafa kitandani kwake, mkono wake mkononi mwa bintiye.

Na Tanuru ikaja, yote. Bernadina alikuwa ameogopa kwamba hawatakuja. Kumbe kuja kwao ndiko kulikokuwa kugumu. Kabla ya saa mbili turubai limefungwa. Kuni zimepasuliwa, viti vimeazimwa kanisani, wanawake wameshabandika maji. Jumanne ndiye aliyetangulia kushika jembe makaburini. Kila mmoja alimpa mkono, pole mama, pole sana, Mungu ampumzishe. Beata naye alikuja, akampa mkono, akapita kwenda jikoni kumenya ndizi. Hakuna kilichopungua ambacho ungeweza kukilalamikia.

Halafu wakakaa. Siku nzima wanaume walikaa chini ya turubai, mikono mapajani, wanaongea kwa sauti ya chini kama wako benki. Bernadina, ndani na wanawake, alikuwa akisikia sufuria tu. Kilemba cha mama kilining'inia msumarini. Fimbo iko pembeni ya mlango. Kila mara mtu alipokohoa nje, alidhani ndiyo wameanza. Hawakuanza. Saa kumi ikafika, ikapita, ndipo akajua hawasubiri saa.

Siku ya pili, mazishi yalipangwa saa nane. Saa nne asubuhi Bernadina hakuweza tena. Alitoka nje, kanga kiunoni, akaenda mpaka kwa Jumanne, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee Jumanne."

"Marahaba."

"Mama alikuachia neno."

"Aliniambia mwenyewe. Mara mbili."

"Basi mbona mmekaa hivi?"

Jumanne alijikuna ndevu. Laiti angekuwa na kinyongo kwenye sauti, angemsaidia. Hakuwa nacho.

"Mtendaji, sasa hivi ni saa nne. Sheria yako inasema saa kumi. Saa kumi mama yako atakuwa kaburini. Na hata jana jioni, tungecheza nini? Karata za misiba ya Tanuru ni pakiti moja tu, na ziko kwenye droo yako. Otilia alikuwa mtani wangu, nimelia kwa ajili yake. Lakini utani bila mkeka ni matusi tu."

Bernadina aliinuka. Alivuka uwanja kuelekea ofisini, miguu mitupu, watu wote wanamtazama. Aliporudi alikuwa na pakiti mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Akasimama katikati ya turubai, mahali anaposimama siku za mikutano.

"Naomba mnisikilize," alisema. "Waraka ule una upande wa pili." Akaugeuza, akausoma. Mistari mitatu. Misiba, harusi, jando na unyago. Sauti ilimkatika kwenye neno la kwanza, akalirudia.

"Kwa hiyo siku ya Isidori hatukuwa na kosa," alisema Jumanne polepole.

"Hamkuwa na kosa."

"Na hilo umelijua lini? Jana?"

Hapa angeweza kusema jana. Nani angebisha? Otto mwenyewe hakujua. Bernadina alimwona mama yake amekaa barazani na kopo la ugoro, anamuuliza lini.

"Siku ileile," alisema. "Nilivyofika tu ofisini. Isidori alikuwa hajazikwa. Nilijua, nikafunga droo. Nimejua miezi miwili."

Mtu mmoja alisema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Mwingine akatema mate pembeni. Bernadina hakujificha, alibaki pale katikati na karatasi yake, anataka ardhi ipasuke na ardhi haipasuki. Wanawake walikuwa wamesogea wanasikiliza. Katikati yao akatokea Beata, kisu cha ndizi bado kiko mkononi. Akampa jirani kisu, akajifuta viganja, akanyoosha mkono.

Bernadina akampa pakiti kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Beata alianza kuzipitia, moja baada ya nyingine, taratibu, watu wote wanasubiri. Akafika kwenye ile ya boksi la chai. Akaisogeza karibu na macho. Kopa saba za peni nyekundu, moja kubwa moja ndogo, na juu yake muhuri wa zambarau.

"Kumi na nne Januari," alisoma. Akarudia. "Umemgongea mume wangu muhuri wa siku aliyokufa."

"Mama Aidani..."

"Ngoja kwanza."

Aliitoa ile moja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Zilizobaki akampelekea Jumanne.

"Gawa," alisema. "Otilia hakunikosea. Alikaa na mimi siku mbili na miguu yake ile."

Wakacheza na karata hamsini na moja. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito. Halafu Jumanne akaingia ndani, akatoka na kilemba cha Otilia kichwani, fimbo mkononi, mgongo umepinda vilevile. Akaenda mpaka kwa Bernadina, akamnyooshea fimbo.

"Bernadina! Ugoro wangu uko wapi? Au nao umeukamata ukaugonga muhuri?"

Uwanja ulipasuka. Wazee walishikana mabega, Otto alikaa chini kabisa akajifuta macho kwa kofia ya mgambo. Jumanne akaligeukia jeneza, akaliambia we Otilia, umekufa kwa ujanja, umeona zamu ya kuchota maji imefika, amka hapa mchawi wewe. Bernadina alicheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, kanga mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi mama yake yupo, amekaa mahali, ameridhika.

Ndipo akamwona Beata. Alikuwa amerudi jikoni, peke yake karibu na moto, anamenya. Hakuwa anacheka wala hakuwa amenuna. Kila kicheko kilipopanda, mkono wake ulishuka kwenye lile pindo la kanga, ukaligusa, ukarudi kwenye ndizi.

Bernadina akaenda, akaketi chini mbele yake.

"Mama Aidani, naomba unisamehe."

Beata alisogea kidogo, akampisha kwenye mkeka. Akamsukumia sinia la ndizi, akampa kisu cha pili. Wakamenya. Nje Jumanne alikuwa anamwiga Otilia akigombana na bodaboda, na watu wanamwomba anyamaze, mbavu zao zinauma.

"Mume wangu naye alikuwa na watani," alisema Beata.

Walikaa pale wakamenya ndizi, wanasikiliza wanaume wakicheka, mpaka saa ya kutoa jeneza ilipofika.